Kete za Mwambani

Nyanzobe alikuwa amemaliza kukamua alipoona kwamba mtamba mwekundu hayupo zizini. Hakupiga yowe. Alifunika maziwa, akavuka kijito hadi kwa jirani yao Makene, akamkuta mtamba amelala kati ya ng'ombe wa watu, anacheua. Hakuvutwa kamba wala hakuswagwa. Aliliwa mchezoni jana yake, akahama.

Katika bonde la Momba habari za ule mwamba wenye mashimo zinajulikana. Wanyamwanga, wenyeji wa pale, husema babu zao waliuchimba walipochoka kuuana kwa mikuki wakigombea malisho. Walikubaliana kila kete iwe ng'ombe mmoja, wacheze, na atakayeliwa asinung'unike. Wasukuma walipohamia na mifugo yao waliona mashimo yanafanana na ya isolo, bao la kwao, wakakaa kucheza wapunguze uchovu. Jioni hiyohiyo ng'ombe wakaanza kuhama wenyewe. Watu walizoea, maana hata mafuriko huzoeleka.

"Ni burudani tu, mama Conjesta," alisema Jilala, mumewe. "Tukishavuna, mwanamume akae anatazama moshi?"

Nyanzobe hakumwamini Makene hata chembe. Mtu anayecheka kila akisalimiwa ana lake jambo. Zizi lilikuwa linapwaya, na bila ng'ombe wa kuuza binti yao Conjesta asingerudi shuleni Mlowo likizo ikiisha. Kwa hiyo alasiri moja alijitwika kuni, akapita mwambani makusudi, akasimama. Wanawake hawagusi kete, lakini kuhesabu kwa macho hakuna aliyewakataza. Alihesabu za mumewe. Zilizidi ng'ombe wa zizini kwa moja.

"Makene, umechomeka kete."

"Mimi, mayu?" Makene alicheka. "Mama, nimwongezee mwenzangu ili iweje? Haya, nikague."

Akamkagua kweli: mifuko, kofia, mikunjo ya shuka, hata makatambuga aliyovaa. Hakukuta kitu. Jilala muda wote alikuwa anatazama mawingu, na mvua yenyewe haikuwapo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na Nyanzobe alikuwa anapekua nguo za mtu mwingine.

Makene alirudi kukaa, akacheza, akaila ile kete.

Nyumbani Conjesta alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. Alisuuza mikono, akavua ndala za mama yake, akaziacha mlangoni, akashika njia. Mama yake alikutana naye kijitoni.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Kwa baba Makene, mama. Miguu ndiyo inayokwenda."

Jilala alikuja nyuma, akaeleza bila kuinua sauti. Ng'ombe walikuwa wanamwishia, na mtamba alitaka kumkomboa, ndipo akaweka kete ya binti. "Nikishinda atarudi," alisema.

Nyanzobe alilia kwa hasira, akamtukana kwa Kisukuma, kisha kwa Kiswahili ili na majirani wasikie. Akamrudisha mtoto kwa kumshika mkono, lakini kila alipomwachia, miguu iligeuka. Mtendaji wa kijiji alipopigiwa simu aliuliza kama binti amefungwa kamba. Hakufungwa. Wazee walikwenda mwambani, wakauliza, wakakagua kila shimo, wakaridhika kwamba mchezo ulikuwa halali. Shule ilifunguliwa, na Conjesta alikuwa anamtekea Makene maji.

Siku hizi akina mama wa bondeni hupita pale jioni kuhesabu kete, kila mmoja akimkodolea macho mume wa mwenzake.

Nyanzobe hakuwahi kupita tena. Alikuwa anasonga ugali mguu wake wa kulia ulipoinuka, kisha wa kushoto. Hakuuliza chochote, maana Jilala alikuwa ameshaondoka kwenda kucheza tangu mchana. Aliepua sufuria, akapakua, akafunika ugali wa mumewe kwa sahani. Alimchukia kwa moyo wake wote, na papo hapo alifurahi kwamba atakaa na mwanawe. Akaiacha miguu iende.

Ng'ambo ya kijito Conjesta alimwona anakuja, akasogea kwenye mkeka kumpa nafasi.