Mguu wa Breki

Alasiri ile mshonaji alikuwa amelala chali chini ya pikapu, amevaa ovaroli ya marehemu mumewe aliyoipunguza mikono kwa cherehani, akipambana na nati moja ya gurudumu la nyuma iliyogoma katakata. Kutu ilimdondokea usoni. Akatema, akatukana, akaendelea.

Hiyo pikapu hakuinunua wala hakuiomba. Baada ya maziko ya mumewe, kampuni ya kokoto aliyokuwa akiiendeshea pikapu hiyo hiyo siku ya ajali iliileta juu ya lori na kuibwaga uani, kati ya kamba ya nguo na mlango wa jiko, eti ndiyo rambirambi. Ilikuwa ya zamani, ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, na kutu ilikuwa imeila mpaka ukikaa ndani unawaona kuku wakipita chini ya miguu yako. Meneja alikuja siku hiyo hiyo, akasimama mbele ya waombolezaji, akasema kwa masikitiko makubwa kwamba dereva alikuwa amelewa. Dereva mwenyewe hata dawa ya kikohozi alikuwa anainusa kwanza asije akalewa.

Mshonaji alianika nguo juu ya gari hilo misimu miwili ya mvua. Kisha siku moja akaziondoa, akamwita shemeji yake, fundi bodi, mdogo wa marehemu.

"Tunalifufua," akamwambia.

Shemeji alibonyeza mlango kwa kidole, kidole kikatokea upande wa pili. "Shemeji, hili si gari. Hili ni biskuti."

"Basi tutalifufua biskuti. Nataka kujua lilikuwa na nini."

Walilikwangua kwa brashi ya waya, wakakata mabati yaliyooza, wakachomelea mapya. Ile gia fupi ya kuunganisha magurudumu ya mbele ilikuwa imeganda. Wakaimwagia mafuta na kuigonga kwa nyundo hadi ikasalimu amri. Na walipofika nyuma, wakakuta jibu. Bomba la breki lilikuwa limekunjwa kwa plaizi kama mtu anavyokunja mdomo wa mfuko wa chumvi.

Mafundi wanaujua ujanja huo. Breki za nyuma zikivuja, unalikunja bomba ili mafuta yasipite, gari linabaki na breki za mbele peke yake. Ni ujanja wa kukufikisha gereji. Si wa kubebea kokoto mteremkoni.

Shemeji hakutania siku hiyo. Alifunga bomba jipya. Lile la zamani mshonaji alilitundika sebuleni, kwenye msumari wa picha ya harusi. Picha akaihamishia chumbani.

Ikabaki kazi ya kutoa upepo kwenye breki, na kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja ndani anakanyaga, mwenzake chini anafungua skrubu. Alasiri ile shemeji alikuwa amekwenda dukani kufuata mafuta ya breki ya kuongezea. Nati ile iliyogoma ikawa imelegea, na mshonaji, kwa jinsi alivyozama kwenye kazi, akasahau kwamba yuko peke yake.

"Kanyaga!" akapiga kelele.

Pedali ikakanyagwa.

"Shikilia!"

Ikashikiliwa. Akafungua skrubu, mafuta yakatoka na povu, akafunga.

"Achia!"

Haikuachiwa.

"Nimesema achia! Una masikio wewe?"

"Nikiachia litaondoka," ilisema sauti ya mumewe.

Mshonaji alitoka chini ya gari, akajifuta mikono. Mumewe alikuwa amekaa kwenye kiti kisicho na sponji, mguu wa kulia umenyooka juu ya breki, mshipa wa shingo umemsimama.

"Liondoke liende wapi, mwanaume wewe? Lipo juu ya mawe."

"Hata kama."

Akamletea mto. Shemeji aliporudi na chupa yake, alichungulia dirishani, akasema, "Kaka, umekonda." Kisha wakaendelea na kazi, maana mwanga ulikuwa bado upo.

Ndipo dereva akawaeleza. Asubuhi ile alimwambia meneja kwamba nyuma hakuna breki. Meneja akasema nenda nalo hivyo hivyo, jioni tutaliangalia. Pale mteremkoni alikanyaga, na tangu hapo hajawahi kuacha kukanyaga. Kule alikopelekwa aliambiwa apumzike, akashindwa.

Mshonaji alilichukua lile bomba akaenda nalo kituo cha polisi. Askari wa kaunta alimsikiliza vizuri, akaligeuzageuza bomba, akamrudishia.

"Mama, marehemu hawezi kutoa maelezo. Akitoa maelezo, basi si marehemu. Na kama si marehemu, hakuna kesi ya kifo. Unaniletea kesi gani hapa?"

Akarudi nyumbani anatembea katikati ya barabara. Madereva wakampigia honi, naye hakupisha.

Dereva akawa anakuja kila alasiri. Mteremko wa kokoto unapita nyuma ya ua ule, na haukupita muda wakagundua jambo. Gari la kampuni likitokea kule juu, mguu wake unazama mpaka sakafuni, taa za nyuma za pikapu zinawaka nyekundu ingawa betri haijafungwa, na gari lile linateremka taratibu, kama limeshikwa mkononi. Madereva wakaanza kumpungia juu ya uzio. Mmoja aliteremka akamletea ndizi.

Ajali za alasiri zikakoma. Kampuni nayo ikaona. Kwa kuwa magari yalikuwa yanasimama yenyewe, karakana yao ikaacha kununua mabomba ya breki. Kila linalovuja, plaizi. Shemeji, aliyekuwa akiitwa huko kunyoosha mabamba, alisema wameshazoea kiasi kwamba wamelikunja hata la gari la meneja, bila kumwambia.

Pikapu ikaisha. Ikapakwa rangi ya buluu iliyoiva, ikatiwa kiti alichokishona mshonaji mwenyewe. Ilibaki kutembea tu, na haikuweza, kwa sababu ya mguu ule: hata asubuhi, mwenyewe hayupo, breki zilibaki zimeshika.

"Toa mguu upumzike," mshonaji alimwambia. "Ndiyo maana nimelitengeneza. Breki zimekamata zote nne."

"Za kwangu, si za wenzangu," akasema mumewe.

Alasiri moja meneja akaja. Aliegesha gari lake kule juu, akaingia uani akikwepa matope.

"Habari za siku nyingi, dereva?"

"Nzuri, bosi."

"Hongera, mama, gari limependeza. Sasa, nimekuja kuulizia. Huyu hawezi kuja na asubuhi? Tuna magari yanatoka asubuhi pia."

Mshonaji alikuwa ameshika spana. "Kwanza sema hakuwa amelewa. Sema hapa hapa, nikusikie."

"Mama, hayo yalishapita. Tusifukue makaburi."

"Asubuhi nitakuwepo, bosi," alisema dereva.

"Humfanyii kazi huyu!" mkewe akafoka. "Amekuua, amekutukana mbele ya watu, na leo anakupangia zamu!"

"Si yeye, mama watoto. Wale wanaoendesha ni watu."

Meneja akashukuru, akaaga, akapanda kwenda kwenye gari lake. Walisikia mlango ukifungwa, injini ikiwaka. Mshonaji akainama dirishani, mdomo karibu na sikio la mumewe.

"Huyu muachie."

Gari la meneja likaanza kuteremka, likashika kasi. Wakamsikia akikanyaga breki, kisha akikanyaga tena.

"Achia," mshonaji akasema. "Nakwambia achia!"

Mguu ulizama mpaka sakafuni. Taa zikawaka nyekundu, zikabaki zinawaka muda wote, mpaka gari lile lilipofika chini salama, likasimama vizuri, likawasha indiketa, likakata kona.

Mshonaji akaenda nyuma ya pikapu. Kwenye kona ya mlango wa nyuma, chini ya rangi mpya, kutu ilikuwa imeanza kutoka tena. Akachukua msasa.