Mlango Unaovisha Maneno

Mwaka wa tisini na tatu kichwa changu kilianza kuvuja. Hapo Makindu nilikuwa naamka nikiwa bado naota, na hadithi za marehemu mama yangu, zile za kufunza wasichana kabla ya kuolewa, zinanitoka moja moja kama mbuzi walioona tundu kwa boma. Binti yangu Muthoki akaziandika kwenye kompyuta ya mumewe, kwa kidole kimoja, kiangazi kizima.

Shida ni kwamba hadithi hizo hazina adabu hata kidogo, na huyo mume, Gicheru, ni mkwe wangu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, sembuse kutajiana matako. Heshima hiyo tunaiita nthoni. Gicheru ni Mkikuyu, lakini ameishika kutushinda: akiniona njiani anaingia kichakani, miiba au la.

Basi akatengeneza mlango ndani ya kompyuta.

"Mwambie mama," alimwambia Muthoki, nami niko nyuma ya ukuta nasikia, "maneno yake yanalala kwa diski vile aliyasema. Nikifungua mimi, yanavishwa nguo njiani."

Nikaelewa. Ni kama mito yetu ya mchanga: juu ng'ombe wamekanyaga, lakini ukichimba unachota maji safi. Mchana huo nilisinzia, nikaona maneno yamepanga foleni, kila moja linapewa leso, yanatoka yakitembea kama wake wa mapasta.

Kisha Gicheru akazifungua zote kupitia mlango wake kupanga nukta, akahifadhi. Zilizovishwa ndizo zikarudi kulala, mahali pa zile za mwanzo.

"Mwaitu, mama yangu!" Muthoki alilia. "Zimekuwa matangazo ya kanisa!"

"Mwambie azivue."

"Anasema haiwezekani. Maneno matano tofauti ya aibu yote yamekuwa 'sehemu ile'. Mashini haijui lipi lilikuwa lipi. Ni wewe tu unajua."

Na mimi kesho huenda nisijue. Hapo sikucheka.

Gicheru aliubadilisha mlango ukawa wa kusoma tu, kitu kisirudi ndani kupitia hapo. Lakini hadithi zilibidi ziandikwe upya, na kidole kimoja cha Muthoki kingengojwa vipi na kichwa kinachovuja? Vidole vya Gicheru ndivyo hunyesha kama mvua kwa mabati. Akaniletea blanketi, maana kwetu mkwe hupunguza nthoni kwa zawadi. Nikalitundika kwa kamba katikati ya chumba: yeye kule na kompyuta, mimi huku, Muthoki pembeni akituona wote wawili.

Upepo ukalijaza blanketi, ukalilegeza, kama kifua cha mtu aliyelala. Treni ikalia mbali. Sauti ya mama ikaja, nami nikasema neno la kwanza.

Nikatega sikio kwenye blanketi.

"Amekufa huyo?"

"Hapana, mwaitu. Anatoka jasho."

Halafu nikasikia vidole. Tuliendelea hivyo hadi jua likaegemea vilima vya Chyulu. Pale mama aliponipotea kabisa, nilitia langu, baya zaidi. Vidole vikasimama. Kisha nyuma ya blanketi mtu mzima akaanza kucheka, polepole, kama anayeota.