Sumu Ndani ya Nta

Sangwan hakuona mizoga, na hilo ndilo lililomtesa. Nyuki wa mizinga yake arobaini walitoka asubuhi kwenda kwenye michenza ya kaka yake Intha, huku wilayani Fang, kaskazini mwa Thailand, na jioni wakarudi nusu. Baadhi ya waliofika walianguka mlangoni pa mzinga, wakatetemeka na kuzunguka kama walevi.

Tangu mwaka juzi alikuwa akimsihi.

"Kaka, dawa ya wadudu si upige jioni, nyuki wakisharudi?"

"Nyuki wako wanadeka kuliko bibi harusi!" Intha alicheka. Lakini alimpenda mdogo wake. Msimu mzima alipiga jioni. Haikusaidia kitu.

Ndipo mtaalamu wa nyuki kutoka Chiang Mai alipochukua kipande cha sega kwenda kukipima. Aliporudi hakutaka hata kuketi.

"Mama, sumu haipo shambani tu. Imo kwenye chavua, imo kwenye nta. Kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi. Mabuu wanakulia humo."

Masega yale Sangwan aliachiwa na marehemu mumewe, naye aliyatunza kama mboni ya jicho. Kumbe alikuwa akilea wana kwenye kitanda cha sumu!

Kesho yake aliyachoma yote, machozi yakimtoka, na si kwa moshi. Nyuki waliobaki walijaza mizinga sita. Akawahamishia kwenye fremu mpya za mbao, zisizo na nta, Intha akawapakia kwenye pikapu yake, wakapanda mlimani hadi kwenye msitu usio na shamba hata moja.

Wiki ya tatu walirudi kuwatazama. Mizinga mitano, kimya. Katika wa sita, malkia alitembea juu ya sega jipya, jeupe, dogo kama kiganja, na nyuki wasiofika hamsini wakimfuata. Sangwan alikagua kila kijumba. Hakuna hata yai moja; malkia hatagi tena.

"Tuwape maji ya sukari?" Intha aliuliza. "Sema lolote, mdogo wangu. Nitaing'oa ile michenza. Kesho naanza."

"Uing'oe, wanao wale nini?"

Intha alichuchumaa kwenye majani, akajifunika uso kwa kofia, mabega yakamtikisika. Sangwan hakuwahi kumwona akilia, hata walipomzika baba yao. Alitamani kumkasirikia, hasira ikakataa kuja.

"Inuka, kaka," alisema. "Nishikie mfuniko. Wanapigwa na baridi."