Uzi Unaokatika Kila Mwaka

Kila mwaka, siku aliyofariki mwandishi, wasomaji wake walikuja nyumbani kwake kumcheka. Walimcheka kwa mapenzi, lakini walimcheka. Walikunywa chai sebuleni, wakabishana ni kitabu kipi kilichowanyima usingizi zaidi, kisha wakajipanga kwenye ukumbi mwembamba mbele ya chumba alichokuwa akiandikia, na hapo mmoja wao akateuliwa kujaribu uzi.

Uzi huo ulitoka kwenye riwaya yake iliyouzwa kuliko zote. Muuaji anaacha maiti chumbani. Anazungusha uzi kwenye kichwa cha ufunguo ulio ndani ya kitasa, anapitisha ncha zote mbili chini ya mlango, anatoka, anavuta. Ufunguo unageuka, mlango unajifunga kwa ndani, na yeye anaachia ncha moja na kuuchomoa uzi wote. Kitabuni ilikuwa rahisi kama kumenya ndizi. Kwenye mlango wa kweli uzi ulikatika, mwaka hadi mwaka, na kipande kikabaki kinaning'inia kwenye ufunguo kama ushahidi. Watu walipiga makofi. "Mzee alikuwa fundi wa maneno," walisema, "lakini kitasa kilimpiga chenga!"

Binti yake, aliyekuwa akipita na birika la chai, alicheka pamoja nao. Alicheka kwa sababu alikuwa ameapa.

Baba yake hakuweza kuandika kifo ambacho hakijajaribiwa. Ndivyo alivyoumbwa, na nyumba nzima ilibeba mzigo huo. Tangu binti akiwa hajaota meno ya pili, yeye ndiye alikuwa maiti. Alilala juu ya zulia, chali au kifudifudi kadiri sura ilivyotaka, bila kupepesa macho, huku baba akimzunguka na tepu ya kupimia na mdogo wake wa kiume akishughulika na mlango. Baba aliwapa majina: Marehemu na Bwana Mlango. "Marehemu, umekula?" aliuliza mezani, na watoto walicheka mpaka mbavu zikauma. Mama yao hakucheka. Siku moja alimkuta binti yake ametulia sakafuni kupita kiasi, akapiga yowe lililosikika mtaa wa pili, na alipoona mtoto anainuka anajifuta vumbi, akamgeukia mumewe akamzaba kibao. Akafunga virago. Alisema angerudi kuwachukua, na hakurudi.

Lakini hayo hayakuwa makubwa. Kubwa lilikuja na kitabu cha kwanza, ambacho hakikuwa na kosa hata moja. Mtu mmoja alikisoma, akakifuata hatua kwa hatua, na jirani yake akazikwa. Mahakamani, bila haya, alimshukuru mwandishi kwa mafunzo. Tangu siku ile baba alianza kunywa asubuhi. Alikuwa akisimama kwenye ngazi za nyumba akitazama wapita njia, akijiuliza ni nani kati yao ana kitabu chake mfukoni.

Akajiwekea sheria. Kila mauaji angeyajaribu mpaka yakubali, kisha angeondoa kitu kimoja kidogo kabla ya kuandika. "Lazima nijue ufunguo uko wapi ndipo niufiche," aliwaambia wanawe. Kwenye riwaya ya uzi aliondoa sabuni. Uzi mkavu hukwaruza chini ya mlango na kukatika. Uzi uliopakwa sabuni ya kipande, ile ya buluu ya kufulia, huteleza kama samaki mbichi. Watoto waliona kwa macho yao, wakaweka mikono juu ya taipureta ya baba na kuapa kwamba hawatasema. Wahakiki wakamsema baba kwamba ni mzembe, kwamba haijui dunia anayoiandika. Naye akanyamaza, akanywa, akafa na sifa hiyo ya uzembe aliyojivika kwa hiari yake. Binti yake alimpenda kwa ajili hiyo kuliko kwa vitabu vyote.

Mwaka huu watu walikuja wengi kuliko kawaida, kwa sababu mbili. Kwanza, walikuja kumpa pole Bwana Mlango, ambaye mkewe alikuwa amefariki hivi karibuni. Alikutwa kitandani, vidonge pembeni, mlango umefungwa kwa ndani na dirisha lina nondo. Kila mtu alielewa, kila mtu aliinamisha kichwa, na shauri likaisha. Pili, mchapishaji alikuwa na tangazo: riwaya ambayo mwandishi aliiacha njiani, mwanawe huyo angeimalizia.

"Zamani alikuwa ananiletea kurasa kavu kama mbao," mchapishaji alimnong'oneza dada mtu, akitafuna biskuti. "Hata marehemu mkewe alimwambia wazi hana kipaji. Sasa nimesoma sura ya mlango uliofungwa. Aisee, nywele zilinisimama. Msiba umemwivisha."

Dada alisema ahsante, akaenda jikoni kuongeza sukari. Maneno yale yalimkaa vibaya, na hakujua kwa nini.

Jikoni alimkuta mpwa wake, mtoto wa kike wa Bwana Mlango, ambaye wote walimwita Kipusa. Alikuwa amelala chali juu ya sakafu ya saruji, mikono imenyooka, macho wazi.

"We Kipusa! Unafanya nini hapo?"

Mtoto hakujibu. Hakupepesa. Shangazi alilazimika kupiga magoti na kumgusa shavu ndipo akavuta pumzi.

"Nimeshinda!" alisema. "Baba anasema nikijua kulala vizuri ataniandika kitabuni. Leo jioni tunasafiri, mimi na baba tu. Kuna nyumba mbali, haina majirani. Atanifundisha kulala muda mrefu."

Shangazi alimwinua, akampangusa mgongo. Alijiambia huo ni mchezo tu, si yeye mwenyewe alilala hivyohivyo na akakua? Lakini alipochota sukari, nyingine ikamwagika mezani.

"Acha nikusaidie, dada," sauti ilisema. Alikuwa mpelelezi wa kituo cha polisi, mtu mnene wa upole aliyekuwa hakosi siku hii kila mwaka. Alichukua kikombe chake, akajitilia sukari bila kuhesabu vijiko. "Unajua baba yako ndiye aliyeniingiza kazini? Nilisoma vitabu vyake kwa mshumaa. Na mpaka leo anafanya kazi kituoni kwetu. Mtu anafuata kitabu, mahali fulani kitabu kinamwangusha, tunamkuta kaacha uzi kwenye ufunguo. Bosi wangu anasema ni bahati tu. Mimi nasema yule mzee alikuwa mzembe wa manufaa sana."

Machozi yalimjia binti. Alitamani baba yake afufuke kwa dakika moja tu, asikie hilo, kisha arudi akalale.

"Na pole tena kwa wifi yako," mpelelezi aliendelea, akikoroga. "Mimi ndiye niliyeingia kwanza tulipovunja mlango. Faili tumefunga. Jambo moja tu dogo limenikaa kichwani, la kipuuzi. Ufunguo ulikuwa unateleza. Nikanusa, nikakuta ni sabuni ya kipande. Wifi yako alikuwa anafua siku ile?"

"Labda," alisema.

"Nami nilijiambia hivyo."

Wifi yake hakuwa akigusa sabuni ya kipande. Ilimbabua mikono tangu ujana, ngozi ikitoka kama ganda la kitunguu, na nyumba yote ilijua hivyo. Watu waliojua habari ya sabuni duniani walikuwa watatu. Mmoja alikuwa kaburini. Mmoja alikuwa yeye. Wa tatu alikuwa sebuleni, amevaa suti nyeusi, anapokea pole.

Angesema nini? Kwamba mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni na kumfundisha kufunga viatu, ni muuaji kwa sababu ya harufu? Mpelelezi angemsikitikia, mdogo wake angemwita mgonjwa, na jioni gari lingeondoka na mtoto kwenda kwenye nyumba isiyo na majirani. Zaidi ya hayo, alikuwa anaomba kwa moyo wake wote awe amekosea. Baba yake angemwambia asiandike kitu kabla hajakijaribu.

Akaingia sebuleni na birika, uso mkunjufu. "Jamani, chai imetosha. Leo uzi avute mpelelezi!"

Watu walishangilia, wakajazana ukumbini. Mpelelezi akazungusha uzi kwenye ufunguo, akatoka, akafunga mlango, akapiga magoti kwa taabu kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kabati, akavuta. Tak! Ukakatika. Vicheko vikapasuka.

"Polisi nao wameshindwa!" mmoja alipayuka.

"Mzee hakuwahi kuona mlango maishani mwake!" mwingine akadakia. "Alikuwa anapita dirishani!"

Dada mtu alimtazama mdogo wake. Alikuwa anatabasamu kama kila mwaka, lakini taya lilikuwa limekaza. Akamsogelea, akasema kwa sauti ya utani, kubwa ya kutosha watu wote wasikie: "Haya, mrithi. Kitabu unamalizia wewe, na mlango unakushinda kama wengine? Labda tumtafute mrithi mwingine."

Watu wakacheka zaidi. Mchapishaji alicheka kuliko wote, na hapo ndipo Bwana Mlango alipobadilika rangi.

"Baba yangu hakuwa mzembe," alisema. "Ninyi ndio hamjui kusoma." Akavua koti. "Dada, ingia ndani ushuhudie. Na wewe, afande. Kipusa atakuwa maiti."

Kataa, dada alimwomba kimoyomoyo. Sema ni utani, uvute uzi mkavu ukatike, twende zetu tukanywe chai. Alikuwa bado anaomba mdogo wake alipomgeukia mtoto.

"Kipusa, mletee baba sabuni."

Mtoto hakuuliza sabuni gani. Alikimbia uani, akarudi na kipande cha buluu kilicholowa, akachukua uzi mikononi mwa baba yake na kuupaka mwenyewe, mbele na nyuma, bila kuelekezwa na mtu. Kisha akaingia chumbani, akalala juu ya zulia la babu yake, akanyoosha mikono, akatulia.

Dada mtu na mpelelezi wakamfuata ndani, na mpelelezi akakiweka kikombe chake taratibu juu ya taipureta ya mzee.

Bwana Mlango alizungusha uzi kwenye ufunguo, akatoka, na mlango ukafungwa. Ndani walibaki watu watatu na harufu ya nguo zilizofuliwa. Uzi ulikaza. Ufunguo ulisitasita kidogo, ukageuka, kitasa kikalia. Kisha uzi ukaanza kuteremka, ukapita chini ya mlango bila kukwama, mpaka mkia wake ukapotea. Ukumbini makofi yalilipuka. Kwa mara ya kwanza tangu afariki, mwandishi alikuwa ameshangiliwa kwa kujua mlango. Binti yake alisikia makofi hayo akaona aibu.

Mpelelezi aligusa ufunguo kwa kidole kimoja, akakinusa.

"Hii haiko kitabuni," alisema kwa sauti ya chini.

"Haiko."

"Nani anaijua?"

"Baba," alisema. "Mimi." Jina la tatu lilikuwa lile ambalo yeye mwenyewe alimfundisha mwenye nalo kuliandika. Alinyoosha kidole mlangoni.

"Dada!" Bwana Mlango aliita kutoka nje, bado na kicheko sautini. "Fungua basi, watu wanataka kuona!"

Hakufungua. Mpelelezi alisimama mbele ya kitasa na mwili wake wote mnene, akatoa simu mfukoni.

"Dada?" Kicheko kilikuwa kimetoka kwenye sauti. Mpini wa mlango ulishuka, ukapanda, ukashuka tena. Lakini alikuwa ameufunga vizuri, kama alivyofundishwa, na ufunguo ulikuwa ndani.

Juu ya zulia Kipusa hakuwa amepepesa hata mara moja. Aliongea bila kusogeza midomo, kama maiti mzoefu.

"Shangazi, niamke? Siku ile nilimaliza kupaka sabuni, nikamsubiri mama aamke. Hakuamka."

Shangazi alipiga magoti, akamkumbatia, akamwinua kutoka sakafuni mzima mzima, ingawa alikuwa mkubwa kiasi cha kutobebeka.

"Amka, mama," alimwambia, huku mlango ukigongwa kwa ngumi nyuma yao. "Hulali tena hapa."