Bibi Harusi wa Sindano

Kwetu Kitanga nilikatazwa kukaribia moto kwa sababu ya ugonjwa. Nilipoolewa Kumsenga nikakatazwa kukaribia moto kwa sababu ya heshima. Niliona ni jela ileile, wamebadilisha askari tu.

Kwa sisi ambao wazee wetu walitoka Burundi, bibi harusi hatupwi jikoni asubuhi ya pili. Anawekwa ndani. Hafagii, hachoti maji, hatoki ila kwenda chooni, na huko nako anasindikizwa akiwa amefunikwa kanga kichwani. Analishwa na kupakwa mafuta mpaka siku ya gutwikurura, ndugu wanapokusanyika kumfunua mbele ya watu na kumruhusu kushika jembe na sufuria. Wenzangu walizisifu siku hizo kama peponi. Mimi nilikaa kwenye chumba chenye dirisha la ukubwa wa sahani, nikisikiliza watu wakicheka uani, na roho ilikuwa juu muda wote.

Nilikuwa na kifafa, na Kumsenga nzima ilijua kwamba nimepona.

Nieleze vizuri. Nyumbani kwetu kikombe changu kilifungwa uzi mwekundu ili mtu mwingine asikinywee kwa bahati mbaya. Nikianguka, watu walirudi nyuma, maana waliamini lile povu likikugusa nawe umeupata. Kovu la mkono wangu wa kushoto lilitokana na imani hiyo. Nilianguka kwenye mafiga, na wote waliokuwapo walikuwa na mikono miwili miwili, lakini aliyenivuta ni mama, naye alikuja mbio kutoka kisimani. Hospitali ya Kasulu walinipa vidonge. Mama akavitunza kama watu wanavyotunza dawa ya kichwa: nikianguka ananipa, nisipoanguka vinakaa juu ya kabati. Basi nikaendelea kuanguka, na baba, mzee Tharsisi, akaendelea kusema dawa za hospitali ni unga mtupu.

Mwaka 1997 baba akasikia habari za Séverin, nesi Mkongo aliyekuwa anaishi kambi ya Nyarugusu. Watu walisema alifundishwa na madaktari wa Kichina huko kwao kutibu kwa kuchoma sindano zisizo na dawa ndani. Baba akanipeleka. Kabla ya sindano yule bwana alianza na maswali. Je, mama alinizaa kwa shida, nikachelewa kulia? Niliwahi kuanguka nikaumia kichwa? Kuna mwingine kwenye ukoo? Tunakula nguruwe asiyeiva vizuri? Baba, ambaye nguruwe alikuwa furaha yake ya Jumapili, akajikuna shingo. Mama akakumbuka kwamba nikiwa mdogo malaria ilinipanda kichwani, nikatetemeka kutwa nzima, nikazimia, wakadhani nimekufa. Séverin akaitikia kwa kichwa akasema yawezekana kabisa ilianzia hapo.

Halafu akakishika kichwa changu kwa mikono yake yote miwili. Hakuvaa glavu wala hakuomba kitambaa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na ukimwondoa mama, sikukumbuka mtu mwingine kunishika kichwa. Nikalia, wao wakafikiri ni uchungu wa sindano.

Sindano zenyewe sizitukani. Zilikuwa nyembamba kama unywele. Alizichomeka masikioni, utosini, katikati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akaniambia nitulie. Nilitulia, nikalala usingizi ambao sijawahi kuupata. Lakini tulipokuwa tunaondoka alimwambia mama jambo, nami nililisikia kwa masikio yangu.

"Maman, singano inasaidia mwili itulie. Lakini ile vidonge asiache, hata siku moya. Kila siku, saa ile ile. Munasikia?"

Mama alisikia. Baba alikuwa ameshatoka nje kutafuta usafiri.

Kuanzia hapo nikawa nameza kila jioni, jua likizama. Ugonjwa ukanyamaza. Ukapita msimu wa maharage, ukapita wa mahindi, sijaanguka. Baba akasimama kanisani akashuhudia sindano. Akashuhudia sokoni. Akashuhudia kwa watu ambao hawakumwuliza. Nilipojaribu kusema, "Baba, ni vidonge," alinitazama kwa hasira.

"Winifrida, unataka kuolewa au unataka kubishana?"

Nilitaka kuolewa. Sylvesta alikuwa anapeleka maharage soko la Mtabila kwa baiskeli na malori, mtu mpole, mwenye kucheka kwa mabega. Alijua nilikuwa mgonjwa zamani, akasema ya zamani yamepita. Mama yake, mama Therese, ndiye aliyekuja na wazee kuuliza. Nilikuwa nyuma ya ukuta nikasikia kila neno.

"Kwenu upo kwenye damu?"

"Haupo," baba akajibu. "Ilikuwa malaria ya utotoni."

"Na sasa?"

"Umetolewa kwa sindano. Hamezi hata kidonge kimoja."

Ningeweza kutoka pale nyuma ya ukuta. Nilikaa, nikaolewa, nikapanda lori kwenda Kumsenga na vidonge vyangu ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka.

Kule hakuna aliyefunga uzi kwenye kikombe. Nilikula sahani moja na mawifi, tukagombania mboga. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa, yaani ya mtu anayekula raha huku anachungulia mlango. Jua likikaribia kuzama nilisubiri watu watoke, nikajigeuzia ukutani, nikameza bila maji.

Siku moja nilitoka chooni na wifi aliyenisindikiza, nikamkuta mama Therese amekaa kitandani. Alikuja kunipaka mafuta miguuni, akafungua kopo alilolikuta. Vidonge vilikuwa kiganjani mwake.

"Funga mlango," akasema.

Nikafunga.

"Nimekuona unavyojigeuza jioni. Nikasema labda mtoto anasali. Redio inasema kila siku: vidonge vidogo, mwanamke anameza saa ileile, hapati mimba. Ni vyenyewe?"

Nilishangaa hata nikasahau kuogopa. Kumbe alikuwa analia. Mwanamke yule mzima, mwenye mikono ya kupasua kuni, machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni. Mimi nikapiga hesabu upesi kichwani. Nikisema ni vya kifafa, nimemfanya baba mwongo, Sylvesta mpumbavu, na kesho niko kwenye lori la Kasulu narudi kwenye kikombe cha uzi. Nikisema ni vya uzazi, nitagombezwa. Mwanamke anayegombezwa anabaki.

"Ego mama," nikasema. "Ni vyenyewe."

Hakunipiga. Alitoka na vidonge, nikasikia mlango wa choo cha shimo ukifunguliwa na kufungwa. Jioni Sylvesta alikuja akakaa kwenye kigoda, hakucheka kwa mabega wala kwa chochote.

"Ungeniambia tu," akasema. "Kama hutaki watoto wa haraka tungeongea. Mimi si mtu wa kuongea naye?"

Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo, nikaomba maji.

Kuanzia hapo nilikuwa mfungwa kweli. Vidonge havipo, mama yuko Kitanga, na bibi harusi haruhusiwi hata kutuma mtu bila kuulizwa anatuma nini. Nililala nikijishika mikono. Kijiko kikianguka jikoni nilishtuka nikidhani ni mimi. Séverin alisema hata siku moja usiache, nami nilikuwa nimeshaacha zaidi ya hiyo. Nilijaribu kujibonyeza pale katikati ya kidole gumba na cha shahada alipokuwa anachoma, nikajicheka mwenyewe, kisha nikaendelea kujibonyeza.

Siku ya gutwikurura ikafika. Walinivika, wakaniweka sebuleni juu ya mkeka mpya, uso umefunikwa, watu wamejaa mpaka uani. Mama Therese alikuwa amevaa kitenge chake cha manjano ambacho hakijawahi kufuliwa. Wakanifunua, wakapiga vigelegele, wakaanza kupita kunisalimia mmoja mmoja. Na hapo nikaisikia harufu. Mahindi yanayoungua. Pale ndani hapakuwa na mahindi wala moto. Ni harufu inayonijia mimi peke yangu, kabla sijaanguka, wakati mwingine muda mrefu kabla, wakati mwingine papo hapo.

Nikajiambia, tabasamu, watapita, utaomba kwenda kulala.

Akaja mama mmoja kijana, jina lake Esteri, jirani wa pale pale, amebeba mtoto wa kike mgongoni. Akapiga magoti mbele yangu. Mtoto alikuwa ameshapita umri wa kubebwa, na kisigino chake kilikuwa na kidonda kibichi cha moto.

"Bibi harusi, samahani, najua si mahali pake," akasema kwa sauti ya chini. "Huyu ni Ange wangu. Anao huo uliokuwa nao wewe, intandara. Nimesikia ulivyopona kwa sindano. Nami nimeshamwachisha vidonge tangu Jumapili, ili ziingie vizuri. Hata sasa vipo nyumbani tu. Niambie huyo Mkongo anapatikana wapi."

Ange alinitazama kwa macho ya usingizi. Nilimwangalia mama Therese, aliyekuwa ananiangalia mimi. Nilimwona Sylvesta mlangoni na kreti ya soda. Harufu ilikuwa imenijaa puani sasa. Naapa nilitaka kusema, yuko Nyarugusu, nenda. Ni maneno machache, na ningebaki na nyumba yangu. Lakini nilikiona kile kisigino, na hasira ikanipanda, hasira ya miaka yote, mpaka nikasimama.

"Usimwachishe!" nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Watu wakageuka. "Sindano hazikuniponya. Zilinituliza tu. Mkongo mwenyewe alisema vidonge visiachwe hata siku moja. Mimi nilikuwa nameza kila jioni, humuhumu ndani. Kimbia kampe mtoto dawa yake sasa hivi."

"Vidonge gani ulikuwa unameza?" mama Therese akauliza.

"Vile ulivyotupa chooni, mama. Na sasa nitaanguka. Naomba mtu anishike."

Nakumbuka watu wakirudi nyuma. Mkeka mzima ukabaki mtupu, kama kwetu, kama siku zote. Nikafikiri, basi, Winifrida, yameisha. Kisha sikumbuki tena.

Nilipozinduka nilikuwa nimelala ubavu, kichwa changu kiko juu ya kitu laini na cha manjano. Ilichukua muda nikatambua ni kitenge, na ndani ya kitenge ni mapaja ya mama Therese. Kitenge kilikuwa kimelowa povu langu. Ulimi uliniuma. Esteri alikuwa amepiga magoti karibu na miguu yangu, anahema kama mtu aliyetoka mbio, na mkononi ana bahasha ndogo ya dawa.

"Nimeshampa Ange," akasema. "Na wewe utameza hizi mpaka Sylvesta arudi. Ameshapanda baiskeli, anakwenda hospitali Kibondo."

Watu hawakuwa wameondoka. Walijaa mlangoni na dirishani, wananitazama. Nilifumba macho nikasubiri hukumu.

"Vile vidonge," mama Therese akasema juu yangu.

"Ego mama."

"Havikuwa vya kuzuia watoto."

"Hapana."

"Kwa hiyo unaweza kuzaa."

"Naweza, mama."

Nikasikia tumbo lake likitikisika, nikadhani analia tena. Alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Mwana wanje, unajua nimelia siku ngapi? Nikajua umekuja kufunga tumbo ndani ya nyumba yangu. Na huyu mwanangu hali chakula."

"Ungeniuliza," nikasema. Nilikuwa bado na hasira, na ulimi mzito.

"Si nilikuuliza? Ukasema ndiyo."

Baba alidanganya mbele ya wazee, nami nikamdanganya mama Therese, na kati yetu wote aliyeuliza ukweli alikuwa yeye peke yake.

Aliagiza maji. Yakaja kwenye kikombe cha bati, kile cha nyumbani ambacho kila mtu pale alikinywea. Akaninyanyua kichwa, Esteri akaniwekea kidonge mdomoni, nikanywa. Sikumaliza, maana maji yalinitoka pembeni ya mdomo pamoja na damu kidogo. Nikamrudishia mama mkwe kikombe na kumwambia ayamwage maji uani, akitenge, nitakitumia mimi.

Mama Therese akakitazama kikombe. Akawatazama watu mlangoni. Akayanywa yaliyobaki, yote, kisha akaomba aletewe mengine.