Nani Alikuwa Kwenye Usukani

Ufa wenyewe ulikuwa mdogo, urefu wa kiganja, ubavuni mwa boti. Fundi aliutazama akasema ni kazi ya asubuhi moja. Lakini nahodha na mkewe waliilipia bima miaka yote bila kudai chochote, na wakala wa bima alimwambia mke kwenye simu, "Mama, dai haki yako. Nieleze tu nani alikuwa kwenye usukani na ilikuwaje."

Alisema angempigia baadaye. Kwenye usukani alikuwa mumewe, anayevusha abiria tangu hajaota ndevu, ambaye wenzake humwita Sindano kwa anavyopenyeza boti gatini bila kugusa kitu. Na ilikuwaje? Mchana kweupe, maji yametulia, gati lile lile la kila siku likawa geni machoni pake. Alimgeukia mkewe aliyekuwa akikusanya tiketi, akamwuliza, "Hapa ni wapi?" Kisha kishindo. Ashukuriwe Mungu, hakuna aliyeumia, na swali lile alilisikia mkewe peke yake.

Akilisema, leseni imekwenda. Na Sindano bila boti ni nani? Atakaa kibarazani kama kiatu kilichopoteza mwenzake. Mama wa watu alilia jikoni, bomba kalifungulia asisikike. Mwisho akaamua: hakuna kudai, wataziba wenyewe. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni yeye.

Jioni mumewe alirudi kutoka gatini amenuna. "Mke wangu, boti imefanywa nini?" aliuliza, kama mtu ambaye hakuwapo.

"Ni mimi. Nilishika usukani kidogo, nikagonga."

Alingoja afoke. Angefoka ingekuwa nafuu. Nahodha alivuta kiti, akamshika mkono.

"Basi, usilie. Hata mimi niligonga nikijifunza. Ila usiushike tena, mle ndani tunabeba watoto wa watu. Mtu asiyeweza, hata awe ndugu yangu wa damu, ningemshusha." Akampapasa kiganja. "Kesho naendesha mwenyewe."

Alipoingia chumbani, mkewe alibaki ameukodolea macho mlango. Kisha akampigia wakala.

"Nataka kudai," alisema. "Kwenye usukani alikuwa mume wangu."

Wakala alimwuliza ilikuwaje. Kutoka chumbani nahodha alikuwa akiita, mchangamfu, akitaka kujua kama shati lake la kazi limepigwa pasi.