Waliojisalimisha kwa Kanali Bozukov

Luteni Radoy Pehlivanov hakuogopa risasi za Waturuki. Alichokiogopa ni tumbo lake mwenyewe.

Injini ya eropleni yake ilikunywa mafuta ya nyonyo, yaleyale ya kuharisha, kama mlevi anavyokunywa rakia, na kama mlevi, haikuweza kuyahifadhi yote. Yaliyoishinda iliyatema nyuma, moja kwa moja usoni mwa rubani. Kule Ufaransa alikosomea urubani walimfundisha kupaa, kukata kona na kutua bila kuvunjika miguu. Hakuna aliyemfundisha namna ya kufumba mdomo muda wote huo, upepo unamcharaza makofi na yeye anahema kwa hofu. Basi kila aliporuka alimeza, na kila alipomeza ilimbidi atue upesi. Askari wa miguu walizoea kumwona akichupa kutoka kwenye kiti chake na kutimua mbio, mkono kaushika mkanda wa suruali.

"Mtazameni shujaa," walisema, "anavyowahi kupeleka ripoti!"

Ilikuwa Novemba ya mwaka 1912, nje ya mji wa Odrin. Wabulgaria waliuzingira mji, Waturuki wakajifungia ndani, na mvua ikawanyeshea wote bila upendeleo. Mitaroni matope yalifika magotini. Chakula kilikuwa biskuti ngumu ya kumpasulia mtu kichwa, pamoja na supu ya kabichi ambayo kabichi yenyewe ilipita tu, ikaamkia maji, ikaenda zake.

Mkuu wa upande ule alikuwa Kanali Haralampi Bozukov, mtu mnene, mwenye masharubu yaliyosokotwa kwa nta, na mwenye ugonjwa wa kalamu. Katika mji wao hakuna harusi wala maziko yaliyopita bila hotuba yake, aombwe asiombwe. Makao makuu yalipomwagiza aandike karatasi za kuwashawishi askari wa adui wajisalimishe, alijifungia hemani na birika la kahawa, akatoka macho mekundu, anatabasamu kama mzazi.

"Sikiliza, mwanangu," alimwambia Radoy, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Ewe askari mwenye njaa! Mbona unaoza matopeni kwa ajili ya wakubwa wanaolala kwenye magodoro? Njoo kwetu! Kila atakayekuja na karatasi hii mkononi atapewa mkate wa moto, nyama ya kondoo na tumbaku. Neno la afisa wa Kibulgaria ni mwamba!" Akashusha karatasi. "Unaonaje?"

"Nimesikia njaa, afande."

"Ndiyo fasihi hiyo!"

Karatasi zilichapwa upande mmoja Kituruki, upande wa pili Kibulgaria, maana katika jeshi la adui walikuwamo pia watu wa lugha hiyo. Zikatiwa kwenye magunia, magunia yakafungwa miguuni pa Radoy, na asubuhi iliyofuata akapaa.

Upepo ulitoka mashariki, mkali. Radoy aliuona, lakini alikuwa na jambo kubwa zaidi la kushughulikia: mafuta yalikwisha kumfika kooni, na kabla hajaufikia mji, tumbo lilianza kumpa onyo. Chini aliona minara ya misikiti ikielea katika ukungu. Akajisemea, hapa panatosha. Akayakata magunia kwa kisu, akayainamisha nje, karatasi zikamiminika nyuma yake kama manyoya ya bata anayenyonyolewa. Hakungoja kuona zinaangukia wapi. Aligeuza ndege, akawa anaomba kwa watakatifu wote aliowajua, na wengine aliowabuni papo hapo.

Kanali alimkuta amekwisha ingia kwenye choo cha turubai.

"Pehlivanov! Zimeshuka?"

"Zimeshuka, afande!"

"Zote?"

"Bado zinashuka, afande."

Kanali akaondoka ameridhika, akaenda kuandika taarifa.

Kesho yake asubuhi Radoy alikuwa akinywa chai chungu ya kutuliza tumbo alipoona msururu wa watu unapanda kutoka mitaroni. Walikuja kwa mstari, taratibu, bunduki wamezining'iniza mabegani mitutu ikitazama chini, na kila mmoja kainua karatasi. Mbele alitembea Sajenti Valko Chorbov, mkulima wa makamo aliyeitwa vitani kutoka kwenye shamba lake la tumbaku, mtu ambaye hata alipotukanwa alijibu kwa adabu.

Kanali alitoka hemani, kitambaa cha kunyolea bado kiko shingoni.

"Chorbov, mnakwenda wapi?"

Sajenti akapiga saluti kwa mkono wenye karatasi. "Tumekuja kujisalimisha, afande."

"Kwa nani?"

"Kwako, afande."

"Wewe ni askari wangu! Unajisalimishaje kwangu?"

"Hata sisi tulijiuliza, afande. Lakini karatasi zilitoka mbinguni, zikatuangukia sisi. Tukasoma. Haikuandikwa 'Ewe Mturuki.' Imeandikwa 'Ewe askari mwenye njaa.' Tukatazamana, tukaona ni sisi."

Nyuma yake mtu mmoja akadakia: "Na matope wameyataja, afande! Na magodoro!"

Kanali alimgeukia Radoy. Radoy alikitazama kikombe chake kana kwamba ndani yake mlikuwa na mlango wa kutokea.

"Upepo, afande," alisema.

"Upepo! Nitakushtaki wewe na upepo wako! Na nyinyi, huu ni uasi! Kabla jua halijatua nitawasimamisha wote mbele ya mahakama ya kijeshi!"

"Sawa, afande," Valko alijibu kwa upole. "Lakini karatasi imesema neno la afisa wa Kibulgaria ni mwamba. Au waliochapa walikosea?"

Radoy aliona masharubu ya kanali yakitetemeka. Kutukanwa angeweza kuvumilia. Kunukuliwa kulimshinda.

Wakati huohuo, kama shetani alivyopanga, gari la farasi likakwama kwenye matope mbele ya hema, na kutoka ndani yake akateremka mwandishi wa habari Mfaransa, mrefu kama mlingoti, na kamera yake ya miguu mitatu. Majuma mazima waandishi wa kigeni walikuwa wamewekwa nyuma kabisa ya vita, wakionyeshwa nyumbu na kuambiwa ni siri za jeshi. Sasa alipoona watu waliokonda, wamelowa, nyuso hazijaonja wembe, wamenyanyua karatasi juu, macho yalimng'aa. Akaanza kubwabwaja.

Kanali akamvuta Radoy kwa kiwiko. "Wewe umekaa Ufaransa. Anasemaje?"

"Anauliza kama hawa ndio waliojisalimisha kwa sababu ya karatasi zilizotupwa na ndege."

Kanali aliutazama msururu. Akamtazama mgeni. Akaitazama kamera.

"Mwambie ukweli."

"Ukweli upi, afande?"

"Kwamba wamejisalimisha. Kwani ni uongo? Usimwambie tu walitoka wapi."

Radoy akatafsiri. Mfaransa alishika kofia yake kwa heshima, kisha akauliza kama angeweza kuzungumza na mmoja wao. Akasukumwa mbele Valko.

"Anauliza kwa nini umeacha mtaro wako," Radoy alisema.

"Njaa, ndugu yangu," akajibu Valko. "Na huyu kanali anaandika vizuri, mtu hawezi kukaa."

Radoy akatafsiri neno kwa neno, jasho linamtiririka mgongoni. Mfaransa aliandika mbiombio. Kanali, aliyeelewa tu kwamba ametajwa, aliinamisha kichwa kama bwana harusi.

"Sasa anataka kuona ahadi ikitimizwa," Radoy aliongeza kwa sauti ya chini. "Mkate wa moto. Na kondoo."

"Kondoo gani?"

"Wale wa maafisa, afande. Hakuna wengine."

Nyuma ya jiko la maafisa walifungwa kondoo wanene waliokuwa wakingojea siku ya mtakatifu wa kikosi. Kanali aliwaendea, akawatazama mmoja mmoja, na Radoy aliapa baadaye kwamba alimsikia akisema, "Nisameheni." Halafu akampungia mpishi mkono.

Ilikuwa karamu ya kusimuliwa. Mvua ikaacha, moshi wa mafuta ya kondoo ukatanda, mkate ukatoka motoni, na watu wakala bila kuinua vichwa, hadi mmoja akaanza kulia huku anatafuna. Mfaransa akampiga picha, na naye akafuta machozi. Valko alimletea Radoy ubavu mzima kwenye mfuniko wa sufuria.

"Kula, afande. Wewe ndiye uliyetuletea."

"Nilikuwa nataka kuwapelekea Waturuki."

"Mungu ndiye mpaji," Valko alisema. "Wewe ulirusha tu."

Habari zikaenda kwa simu ya upepo, zikarudi zimenenepa. Makao makuu yakampongeza Kanali Bozukov kwa ushindi usiomwaga damu, yakaahidi nishani kwa rubani, na mwishoni yakaamuru: rudieni, mara mbili yake.

Kanali alimsomea Radoy amri hiyo kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu. "Mara hii, mwanangu," alisema, "ukiziangusha upande wetu, nitachinjwa mimi."

Radoy alijifunga skafu mdomoni mizunguko mitatu na kuomba upepo wa magharibi. Akaupata. Alipopita juu ya mitaro ya kwao, aliona kitu kilichomfanya nusura asahau usukani: askari wote walikuwa wamesimama nje, wamekunjua mablanketi kama watu wanaotikisa mzeituni, wanamshangilia na kumwelekeza chini. Alipopita bila kutupa kitu, shangwe ikageuka ngumi. Kwa muda aliogopa kwamba watampiga risasi wao kabla ya Waturuki. Akaendelea mpaka juu ya mji hasa, juu ya mapaa na kuta, akayamwaga magunia palepale, risasi ikatoboa kitambaa cha bawa, naye akarudi anacheka ndani ya skafu.

Wakaja watatu. Walitokea katika ukungu adhuhuri ya siku ya pili, Waturuki wa kweli, viatu vimefungwa kwa kamba, karatasi wamezishika kwa mikono miwili kama watu wanaotoa zawadi. Mkubwa wao alikuwa na mvi. Wakapelekwa jikoni, na Radoy akafuata nyuma akijua watakachokikuta.

Mpishi akawapakulia supu ya kabichi.

Yule mzee aliinusa. Akakoroga. Akainua uso, akasema neno kwa Kituruki, na Valko, aliyekulia pamoja na majirani Waturuki, akacheka hadi akakohoa.

"Anasemaje?" aliuliza kanali.

"Anasema hii aliiacha kule, afande. Anauliza imemtanguliaje."

Kanali akaona haya, wekundu ukampanda mpaka masikioni. "Mwambie... mwambie kondoo walikuwapo."

Valko alimwambia. Mzee akauliza tena, na Valko akakuna kisogo.

"Anauliza nani kawala."

Askari waliokuwa wamejipanga na mabakuli yao wakaanza kutazama buti zao. Kisha Valko akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kipande cha mkate alichokifunga kwenye kitambaa, na kifupa chenye nyama kidogo, akaviweka mbele ya mzee. Mwingine akatoa wake. Wa tatu akageuka nyuma kwanza, akakitazama chake, akapumua, akakitoa. Muda si mrefu mbele ya wale watatu palikuwa na kilima cha makombo, mkate uliolaliwa, nyama yenye nyuzi za mifuko, na tumbaku ya shamba la Valko.

Radoy hakuwa na mkate. Alichomoa chupa yake ndogo ya rakia, akampa mzee, kisha akakumbuka kwamba dini ya mtu inakataza pombe, akataka kuirudisha chupa. Mzee akamzuia mkono.

"Anasema," Valko akatafsiri, "Mungu haoni vizuri kwenye ukungu."